PROTINI NI NINI? SOMO LA MSINGI KWA KIJANA ANAYELIMA NA KUFUGA KIBIASHARA

Leo tuna somo ambalo wengi mliliacha darasani mkidhani halitawahudumia. Ni somo la protini.

Najua mtu ataniuliza: "Afisa, sisi tunataka bei ya mayai na mbegu ya mahindi, hiyo protini ni ya madaktari." Sasa sikiliza. Ukifuga kuku, nguruwe au samaki, gharama kubwa kuliko zote ni chakula, na ndani ya chakula kinachokula hela nyingi ni protini. Ukilima maharage au soya, unachouza ni protini. Ukinunua mfuko wa Urea, unanunua malighafi ambayo mmea utaigeuza kuwa protini. Basi mtu anayeuza na kununua kitu kila siku bila kukijua atapunjwa. Twende taratibu, na mwenye daftari na kikokotoo cha simu aviweke karibu.

1. PROTINI IMETENGENEZWA NA NINI?

Wanga, yaani mahindi, muhogo na viazi, umejengwa kwa vitu vitatu: kaboni, haidrojeni na oksijeni. Protini ina hivyo vitatu, halafu inaongeza cha nne ambacho ni naitrojeni, na mara nyingi salfa kidogo. Hiyo naitrojeni ndiyo tofauti kubwa. Ndiyo maana huwezi kumnenepesha mtoto wala kifaranga kwa muhogo peke yake. Muhogo utampa nguvu ya kutembea, lakini hauna malighafi ya kutosha ya kujenga mwili.

Protini ni mnyororo mrefu. Kila kipande cha mnyororo kinaitwa amino asidi. Ziko aina 20 za kawaida, na viumbe vyote, kuanzia bakteria, muhogo, nzige, sato, mbuzi hadi wewe, hutumia hizo hizo 20. Kinachotofautisha ni mpangilio na urefu. Insulini, ile inayorekebisha sukari kwenye damu, ina amino asidi 51 tu. Nyingine zina mamia na maelfu.

Fikiria herufi. Kwa herufi chache tunaandika maneno yote ya Kiswahili. Amino asidi ndizo herufi, protini ndiyo neno. Kuku akila dagaa hachukui nyama ya dagaa na kuibandika kifuani kwake. Tumbo linalivunja neno "dagaa" kuwa herufi, damu inazisafirisha herufi, na mwili wa kuku unaandika maneno yake: manyoya, yai, nyama.

Shika mfano huo wa herufi. Tutaurudia kwenye hesabu ya pesa.

2. KAZI ZA PROTINI KWENYE KIUMBE HAI

Watu wengi wakisikia protini wanafikiria nyama tu. Nyama ni kazi moja kati ya nyingi.

Kujenga. Manyoya ya kuku, kwato za ng'ombe, pembe za mbuzi na nywele zako ni protini aina ya keratini. Ngozi, kano na sehemu laini ya mifupa ni kolajeni. Msuli wenyewe ni protini zinazovutana. Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo kuku anayebadili manyoya anatumia protini nyingi hata kama hatagi.

Kufanya kazi za kikemikali. Hapa tunazungumzia vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani mwilini. Chakula tumboni hakisagwi kwa meno peke yake, vimeng'enya ndivyo vinavyokikatakata. Mbegu ya mahindi inapoota, vimeng'enya ndivyo vinavyogeuza wanga wake kuwa sukari ya kulisha mche.

Kusafirisha. Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni.

Kulinda. Ukichanja kuku dhidi ya mdondo, mwili wake unatengeneza kingamwili. Kingamwili ni protini. Kuku mwenye njaa ya protini anaweza kuchanjwa leo na kinga isipande inavyotakiwa, kwa sababu askari umewaita lakini chakula chao hakipo.

Kupeleka taarifa. Baadhi ya homoni ni protini, kama hiyo insulini.

Na mimea je? Jani la kijani limejaa protini inayonasa hewa ya kaboni na kuanza safari ya kuigeuza sukari. Mahindi yakikosa naitrojeni, mmea unavunja protini za majani ya chini ili uhamishie naitrojeni kwenye majani machanga ya juu. Ndiyo maana umanjano wa kukosa naitrojeni huanzia chini. Mmea unajila wenyewe, kama kuku anavyojila msuli wake akikosa chakula.

3. KUKU ANA HERUFI ANAZOKOSA

Katika zile amino asidi 20, kuna ambazo mwili unajitengenezea na kuna ambazo haziwezekani, lazima ziingie kwa mdomo. Hizi tunaziita amino asidi muhimu. Kwa binadamu ziko 9. Kuku anahitaji hizo 9 na zaidi, mfano arjinini, kwa sababu mwili wake hauwezi kuitengeneza.

Rudi kwenye herufi. Tuseme unataka kuandika neno "mahindi" mara kumi. Unazo "a" mia moja, "i" mia mbili, "m", "n" na "d" za kumwaga, lakini "h" ziko nne tu. Utaandika "mahindi" mangapi? Manne. Zilizobaki zote hazikusaidii. Kwenye mwili ni hivyo hivyo. Herufi inayopungua kuliko zote ndiyo inayoamua yai litatoka au halitoki.

Herufi zinazopungua mara nyingi ni hizi:

- Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani.
- Maharage na soya vina lisini nzuri, lakini methionini yake ni ndogo.
- Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri, lakini lisini yake ni ndogo.
- Dagaa na mayai vina zote kwa uwiano mzuri.

Mnaona mchezo ulivyo? Soya na alizeti wakikaa sufuria moja, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Na ugali wa mahindi kwa maharage, chakula ambacho bibi zetu walitulea nacho, ni hesabu hiyo hiyo. Hawakujua neno lisini lakini walijua mtoto gani anakua.

Wanasayansi nao walihangaika na lisini ya mahindi. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba aina fulani ya mahindi ina lisini na triptofani nyingi zaidi. Punje zake zilikuwa laini na zilishambuliwa na wadudu, ikachukua miaka mingi kuzirekebisha. Waliofanya kazi hiyo huko Mexico, Surinder Vasal na Evangelina Villegas, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Hapa Tanzania mahindi ya aina hiyo yametolewa kwa jina la Lishe, kama Lishe-K1 na Lishe-H1.

4. ZIADA INAKWENDA WAPI?

Mafuta ya ziada mwili unayaweka akiba. Protini ya ziada haina ghala. Herufi zilizobaki bila kazi zinachomwa kuwa nguvu, na naitrojeni yake inatupwa nje. Binadamu anaitoa kwenye mkojo. Kuku anaitoa kama ile rangi nyeupe unayoiona juu ya kinyesi chake. Bakteria wa kwenye maranda wanaigeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma macho ukifungua banda asubuhi.

Kwa hiyo harufu kali ya amonia inakuambia moja kati ya haya: banda lina unyevu na hewa haipiti, au unalisha protini nyingi kuliko mahitaji, au unalisha protini yenye herufi zisizolingana. Usiishie kubadili maranda tu. Angalia na kile unachochanganya.

5. HESABU: KUTOKA NAITROJENI HADI PROTINI

Maabara inapopima chakula cha mifugo, kwa kawaida haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni. Kwa wastani protini ina naitrojeni asilimia 16, kwa hiyo wanazidisha kwa 6.25. Jibu ndiyo ile "protini ghafi" iliyoandikwa kwenye lebo ya mfuko.

Njia hii ni nzuri lakini inadanganyika. Urea ya shambani ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha kwa 6.25, unapata asilimia 287.5 ya "protini", na ndani hamna protini hata chembe. Uchina mwaka 2008 wafanyabiashara waliongeza maji kwenye maziwa, kisha wakatia kemikali ya melamini yenye naitrojeni nyingi ili kipimo kisigundue. Watoto wachanga sita walifariki na karibu laki tatu waliugua. Namba ya kwenye lebo inakueleza naitrojeni, haikuelezi uaminifu wa mtu. Na kuku hawezi kutumia urea. Usimpe kabisa, kwa kipimo chochote. Ng'ombe ana bakteria tumboni wanaoweza kuigeuza, lakini hata yeye hufa ikizidi, kwa hiyo usijaribu bila mtaalamu kusimama hapo.

Hizi ni namba za kukadiria kwa vyakula tulivyonavyo huku kwetu:

- Muhogo mkavu: 2 hadi 3%
- Mahindi: 8 hadi 9%
- Pumba za mahindi: karibu 10%
- Mashudu ya mise: karibu 15%, nyuzinyuzi nyingi
- Maharage: 20 hadi 24%
- Mashudu ya alizeti yasiyomenywa: 20 hadi 28%
- Soya nzima: 36 hadi 38%
- Dagaa wakavu, safi: 50 hadi 60%

Na mahitaji ya mifugo:

- Vifaranga wa nyama, wiki za mwanzo: 21 hadi 23%
- Vifaranga wa mayai: 18 hadi 20%
- Kuku wanaokua: 15 hadi 16%
- Kuku wanaotaga: 16 hadi 17%
- Nguruwe wanaokua: karibu 16%

Sasa tuchanganye kilo 100 za kuku wa mayai. Kwanza ondoa kilo 10 za madini: chokaa ya mifugo kilo 8, mifupa iliyosagwa kilo 1.5, chumvi robo kilo na premiksi robo kilo. Hizi hazina protini. Zimebaki kilo 90:

- Mahindi kilo 50 × 9% = 4.5
- Pumba kilo 10 × 10% = 1.0
- Mashudu ya alizeti kilo 14 × 25% = 3.5
- Soya iliyokaangwa kilo 10 × 37% = 3.7
- Dagaa kilo 6 × 55% = 3.3

Jumla kilo 16 za protini ndani ya kilo 100, yaani 16%. Kuku anayetaga akila gramu 120 kwa siku anapata gramu 19.2 za protini. Yai moja lina karibu gramu 6. Nyingine ni za kuendesha mwili wake, manyoya yake na kinga yake, na sehemu inapotea njiani.

6. KISA CHA KUKU 150

Kuna kijana mmoja namhudumia, ana kuku 150 wa mayai. Banda alilijenga kwa mkopo wa kikundi, na marejesho ni kila Jumamosi. Aliniita akisema kuku wana ugonjwa usioonekana. Hawakohoi, hawaharishi, ila mayai yalianza kuwa madogo, kisha yakapungua, na sasa kuku walikuwa wanadonoana na kula manyoya. Alishanunua dawa za antibayotiki mara mbili kwenye duka la pembejeo, na muuzaji alikuwa amemshauri aongeze dozi ya tatu.

Sikuanza na kuku. Nilimwomba anionyeshe magunia yote na aniambie anachanganya kiasi gani cha nini. Kumbe dagaa na soya vilipopanda bei, aliviondoa vyote viwili, kilo 16, akajazia pumba kilo 16. Gunia lilibaki na uzito ule ule, kuku walishiba vile vile.

Tukakokotoa pamoja chini ya mwembe:

- Mahindi kilo 50 = 4.5
- Pumba kilo 26 × 10% = 2.6
- Alizeti kilo 14 = 3.5

Jumla 10.6%. Kila kuku alikuwa anapata gramu 12.7 za protini badala ya 19.2. Na kibaya zaidi, mahindi, pumba na alizeti wote ni maskini wa lisini, kwa hiyo hata hizo 12.7 hazikuwa na "h" za kutosha. Kuku alifanya alichoweza: alipunguza ukubwa wa yai, kisha idadi, kisha akaanza kutafuta protini mahali pengine, na protini iliyo karibu ni manyoya ya mwenzake.

Kijana alikaa kimya muda, halafu akasema, "Kwa hiyo ile hela ya dawa ingenunua dagaa." Ndiyo. Na juu ya hapo, mayai ya kuku wanaotumia dawa hayatakiwi kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, kwa hiyo hata machache yaliyotoka yalikuwa hayafai sokoni.

Tulirudisha mchanganyiko taratibu. Haikuwa muujiza wa siku moja. Kuku kwanza anajenga mwili wake ndipo akupe yai, kwa hiyo yalipita majuma kadhaa kabla trei hazijaanza kujaa. Marejesho ya wiki hizo alilipa kwa kuuza mahindi aliyokuwa ameyahifadhi kwa chakula cha nyumbani. Kikundi chake hakijui amino asidi, kinajua Jumamosi.

Nawaambia kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sababu wako wengi. Kabla hujanunua dawa, kokotoa protini.

Angalizo moja hapo: kiini cheupe cha yai si dalili ya kukosa protini. Rangi ya kiini inatoka kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Sisi tunalisha mahindi meupe, kwa hiyo kiini kitakuwa hafifu hata protini ikiwa kamili. Wape mchicha au majani mabichi mengine.

7. NUNUA PROTINI, USINUNUE KILO

Kanuni ni hii: gawa bei ya kilo moja kwa asilimia ya protini. Hapa natumia bei za mfano tu, wewe weka za soko lako.

- Alizeti shilingi 800 ÷ 0.25 = 3,200 kwa kilo ya protini
- Soya shilingi 1,800 ÷ 0.37 = karibu 4,865
- Dagaa shilingi 4,000 ÷ 0.55 = karibu 7,273

Alizeti inaonekana rahisi, lakini kumbuka herufi. Huwezi kutegemea alizeti peke yake, lisini haitoshi na nyuzinyuzi zitamjaza kuku tumbo. Kwa hiyo tunaanza na iliyo rahisi kama msingi, halafu tunaziba mapengo kwa soya na dagaa kidogo.

Sisi watu wa Kigoma tuna bahati ya dagaa wa Ziwa Tanganyika, lakini dagaa wa mifugo huuzwa na mchanga. Chukua kilo moja, tia kwenye ndoo ya maji, koroga, acha itulie. Mchanga unazama. Ukusanye, ukaushe, uupime. Kama theluthi ya mzigo ni mchanga, zile kilo 6 zako ni kilo 4 tu za dagaa, na mchanganyiko wako umeshuka kutoka 16% hadi 14.9% bila wewe kujua. Epuka pia dagaa wa chumvi, chumvi nyingi huua kuku.

8. JOTO: RAFIKI NA ADUI

Protini haifanyi kazi kwa herufi tu, inafanya kazi kwa umbo. Ule mnyororo unajikunja kama kamba iliyofungwa kwa ustadi. Joto linafungua mafundo. Ute wa yai ukiuchemsha unakuwa mweupe na mgumu, na hata ukipoa haurudi kuwa ute. Herufi zimebaki zile zile, umbo ndilo limekufa.

Hili lina faida na hasara zake.

Soya mbichi. Ina protini inayofunga kazi ya kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini. Ukimpa kuku au nguruwe soya mbichi, unamlisha protini na kufuli yake kwa pamoja. Atakula na hatakua. Dawa ni joto: chemsha kama dakika 30 kisha anika, au kaanga hadi ibadilike rangi kuwa kahawia hafifu na harufu ya ubichi iishe. Usiunguze, kwa sababu moto mkali unaharibu lisini, na lisini ndiyo uliyoifuata.

Maharage mabichi nayo yana protini yenye sumu. Loweka, mwaga maji, kisha chemsha hasa, yatokote. Hii ni kwa binadamu na kwa mifugo. Na kisamvu, yaani isombe, kina protini nzuri, lakini kitwangwe na kipikwe vizuri ili sumu yake ya asili iondoke.

Chanjo. Chanjo nyingi zina virusi vilivyodhoofishwa, na virusi vinategemea protini zake. Chanjo iliyokaa mfukoni juani kutoka Kasulu mjini hadi kijijini ni maji tu. Chanjo ya mdondo aina ya I-2 inavumilia joto zaidi ya nyingine, lakini kuvumilia si kuzoea. Ifunge kwa kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, tumia mapema.

9. SHAMBANI: KIWANDA CHA PROTINI KIKO MIZIZINI

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuitumia. Maharage na soya vinaweza kwa msaada wa bakteria aina ya raizobia wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Bakteria hao wana kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea.

Jipime mwenyewe wakati maharage yanapoanza maua. Usin'goe mche, chimba kwa jembe ili vinundu visikatike. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kiwanda kinafanya kazi. Wekundu huo unatoka kwenye protini iliyo ndugu wa himoglobini ya damu yako. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, kiwanda kimelala au kimeisha. Sababu zinaweza kuwa udongo wenye tindikali, fosforasi kidogo, au umemwaga mbolea ya naitrojeni nyingi mmea ukaona hauna haja ya kuhangaika. Kwa soya, shamba ambalo halijawahi kulimwa soya mara nyingi huhitaji mbegu ipakwe raizobia yake maalumu.

Sasa hesabu ya mwisho. Gunia la mahindi la kilo 100 lina protini kilo 9. Gawa kwa 6.25, ni naitrojeni kilo 1.44. Ukivuna magunia 20 kwa ekari, umebeba kilo 28.8 za naitrojeni. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23. Yaani gari lililobeba magunia yako limeondoka na zaidi ya mfuko mmoja wa Urea, na hapo hatujahesabu mabua. Usiporudisha kwa samadi, mbolea au mzunguko wa maharage, unauza shamba lako kwa kilo.

10. NYUMBANI

Somo hili lisiishie bandani. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto waliovimba miguu, nywele zikibadilika rangi na ngozi kubanduka. Walikuwa wanakula mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Alitumia jina la watu wa kule la ugonjwa huo, ambalo sisi tunaliita kwashakoo. Chanzo chake kina mambo zaidi ya moja, lakini chakula cha wanga mtupu kimo.

Ugali wa muhogo ni chakula chetu na sitaki mtu auache. Lakini protini yake ni 2 hadi 3%. Mtoto hawezi kula muhogo wa kumtosha protini, tumbo lake litajaa kwanza. Aongezewe maharage, dagaa, yai, maziwa, isombe, karanga. Ukiona mtoto amevimba miguu, usisubiri mavuno, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Nasema hivi kwa sababu nimeona nyumba zinazochanganya chakula cha kuku kwa mizani, na trei zote zinakwenda sokoni, huku watoto wanakunywa uji wa muhogo. Kijana wa biashara, tenga mayai ya nyumbani kabla hujahesabu ya soko. Weka kwenye daftari kama gharama, kama unavyoweka chokaa na premiksi.

KAZI YA WIKI HII

Andika kila unachochanganya na kilo zake. Zidisha kwa asilimia nilizotoa, jumlisha, linganisha na mahitaji ya mfugo wako. Kama unalima maharage, chimba miche mitano na upasue vinundu. Mwenye swali aandike hapo chini akitaja aina ya mfugo, umri, idadi na mchanganyiko wake wote bila kuficha pumba. Somo lijalo tutachukua madini, hasa chokaa na fosforasi, kwa sababu yai halina protini tu, lina na ganda.

Kazi njema.